Mficha Uchi Hazai: Majina ya Viungo vya Mwili, ya Bwenini na ya Kweli

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa chama chetu, mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wa sasa. Inachapishwa kwa ombi la waliohudhuria.)



Mara ya mwisho niliposimama hapa mbele, nilikuwa natumikia adhabu ya kupiga kelele wakati wa prepu. Leo nimepandishwa cheo: napiga kelele kwa mwaliko.

Katibu aliponiomba nizungumze, alisema nichague mada yoyote inayohusu Kiswahili na inayowafaa vijana. Nilipomjibu kwamba nitazungumzia majina ya mitaani ya viungo vya mwili, asili yake na maana yake, alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ninayo. Naomba basi mnivumilie. Sitatamka neno lolote la matusi, maana wazazi wapo, na walimu walionicharaza nao wapo. Lakini kabla sijakaa nitakuwa nimevitaja viungo vya mwili kwa majina yake, hata vile tusivyovitaja mezani, na nitaeleza kwa nini nimeona ni wajibu wangu kufanya hivyo.

Mimi si bingwa wa lugha. Nilisoma Kiswahili na sosholojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu nilipohitimu nimekuwa mtumishi wa serikali, afisa ustawi wa jamii wilayani. Kazi yangu kubwa ni kusikiliza. Na katika kusikiliza nimegundua kwamba watu wengi hawashindwi kusema kwa sababu hawajui jambo. Hushindwa kwa sababu hawana neno la kulisemea.

Tuanze na darasani. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kwamba misimu ni maneno yanayozuka katika kundi fulani la watu na kwa wakati fulani. Mengine hufa mapema, mengine huenea nchi nzima yakaitwa misimu zagao, na machache hubahatika kuingia katika kamusi. Sasa, hakuna shamba linalootesha misimu kwa wingi kama mwili wa binadamu. Kila mtu anao, kila mtu anautazama wa mwenzake, na hakuna aliyeuchagua.

Majina hayo huzaliwa kwa njia kadhaa. Ya kwanza ni kufananisha. Mtu mwenye paji la uso lililotokeza mbele huambiwa ana komwe. Komwe ni mbegu za mkomwe, zile ngumu, laini na za mviringo tunazochezea bao. Lakini ukifungua kamusi utakuta pia neno la zamani, komo, nalo maana yake ni paji la uso lililotokeza. Basi neno la mchezo na neno la wazee yamekutana kwenye paji moja. Msichana mwenye mguu uliojaa juu na kupungua kuelekea kwenye kifundo husemwa ana mguu wa bia, kwa kuwa mguu huo ni chupa ya bia iliyosimamishwa kichwa chini. Na mtu aliyerukwa na akili husemwa dishi limeyumba. Wadogo zetu mnalitumia neno hili bila kufikiri, lakini sisi tuliliona likizaliwa. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, na madishi yakaota juu ya mapaa ya wenye nacho. Upepo ukivuma, dishi likigeuka kidogo tu, picha inapotea na kubaki chenga. Watu wakatazama dishi, wakatazama kichwa cha mlevi wa mtaani, wakaona ni kitu kimoja.

Msidhani kwamba kufananisha huku ni uhuni wa vijana wa leo. Wazee wetu walifanya hivyo hivyo, ila yao tumeyazoea mpaka hatuyasikii tena. Kile kinyama kinachoning'inia kooni kinaitwa kilimi, yaani ulimi mdogo, na pia kinaitwa kidakatonge, kwa sababu kinakaa pale kana kwamba kinangoja kudaka tonge linapopita. Nani alikaa akatunga neno hilo? Hatumjui, lakini bila shaka alikuwa mtu wa mzaha, na waliomsikia walicheka. Nyama ya nyuma ya mguu tunaiita shavu la mguu. Kidole cha pili cha mkono ni kidole cha shahada, kwa kuwa Mwislamu hukiinua anapotoa shahada. Mzaha wa mmoja na ibada ya mwingine, vyote vimelala ndani ya kamusi moja.

Njia ya pili ni ya sarufi yenyewe. Lugha yetu ina ufundi ambao lugha nyingine huenda zikauonea wivu: ukibadilisha kiambishi tu, umekwisha kumtukana mtu au kumbembeleza. Kichwa ni kichwa, lakini bichwa ni kichwa cha mtu ninayegombana naye. Mguu ni wa kila mtu, guu ni la yule aliyenikanyaga ndani ya basi. Mdomo hula na kusema, domo husema tu. Na jicho likipunguzwa likawa kijicho, halioni tena bali linahusudu. Sisi bwenini tuliongeza na kinyume, mchezo wa zamani wa kuhamisha silabi ya mwisho kuja mwanzo: jicho likawa choji, kichwa kikawa chwaki, mkono ukawa nomko. Tuliweza kumsema mwalimu wa zamu kuanzia chwaki hadi chini naye amesimama mlangoni. Nadhani alielewa.

Yako pia maneno ya mwili yaliyotoka mwilini yakaenda kuishi kwingine. Bongo ni akili. Katika miaka ya shida, 1980 na kuendelea, watu wakasema kwamba Dar es Salaam haikaliki bila kutumia bongo, mji ukaitwa Bongo, na baadaye nchi nzima ikaitwa hivyo, mpaka muziki wa vijana ukapata jina humo. Kitambi lilikuwa, na katika kamusi bado liko, jina la kipande cha nguo cha kujifunga. Leo ni jina la tumbo la mkubwa wa ofisi, na mimi niliyesimama hapa ni ushahidi wake. Hata masomo hayakusalimika: anayesoma kwa bidii anapiga msuli, na matokeo yakiwa mabaya huambiwa, "Msuli tembo, matokeo sisimizi." Naona mmecheka. Walimu wenu hawakucheka.

Mpaka hapa, ndugu zangu, hakuna ubaya. Maneno haya ni utajiri. Watu walioishiwa na mzaha wameishiwa na mengi. Lakini iko njia ya tatu ambayo majina ya mwili huzaliwa, nayo ndiyo iliyonileta hapa. Njia hiyo ni kuficha.

Kuficha nako kuna heshima yake. Wataalamu huita tafsida, yaani kulifunika neno kali kwa neno laini. Tunasema haja ndogo na haja kubwa, na haja maana yake ni hitaji tu. Zamani mwanamke alikuwa na mimba; siku hizi wengi huona neno hilo ni zito, nao husema ana ujauzito, ni mjamzito, yaani mja aliye mzito. Tunasema sehemu za siri. Tunasema sehemu nyeti, neno lile lile tunalolitumia maofisini kwa barua zisizotakiwa kuonwa na kila mtu. Hakuna lugha duniani isiyo na pazia la namna hii, na asiye na pazia kabisa hatumkaribishi harusini.

Ila pazia lina tabia moja: huchakaa. Tazameni neno tako. Hapo awali halikuwa na kosa lolote. Maana yake ni sehemu ya chini ya kitu, ile kinachokalia. Mpaka leo bunduki ina kitako, na mama humwambia mwanawe, "Kaa kitako ule," bila mtu yeyote kushtuka. Lakini neno lenyewe, likisimama peke yake, likaanza kuonekana la aibu. Tukatafuta pazia jipya, tukasema makalio, yaani vitu vya kukalia. Likakaa miaka, nalo likachakaa. Leo wako wanaolinong'ona. Vijana wakaleta wowowo, wakaleta msambwanda, wakaleta mzigo. Haya nayo yatachakaa, na wajukuu wenu watatafuta mengine. Tunalikimbia neno kumbe tunakikimbia kitu, na kitu chenyewe tumekikalia.

Hasara inakuja pale ambapo jina la kweli linapotea, mtu akabaki na pazia tu mkononi. Naomba sasa niwasimulie kisa. Kilitokea hapa hapa, na mwenye kosa ni mimi.

Mwaka 1997 nilikuwa kidato cha pili. Bweni letu lilikuwa na msamiati wake, kama mabweni yote. Korodani tuliziita betri. Sababu ni nyepesi: tochi zetu zilitumia betri mbili, na mbili ni mbili. Aliyepigwa na mpira pale uwanjani aliambiwa betri zimevuja. Neno hilo sikulitunga peke yangu, lakini mimi ndiye niliyelieneza, na nililionea fahari kama mtu aliyeandika kitabu.

Usiku mmoja, baada ya taa kuzimwa, rafiki yangu aliyelala kitanda cha chini yangu aliamka. Ilikuwa yapata saa sita. Akaninong'oneza kwamba betri yake moja inamuuma sana. Alitumia neno hilo kwa kuwa ndilo alilokuwa nalo. Nami, badala ya kunong'ona, nikajibu kwa sauti ya kusikika bweni zima: "Kaianike juani, itapata moto!" Nyote mnajua jinsi tulivyokuwa tukianika betri zilizokwisha ili zipate nguvu ya taarifa ya habari moja zaidi. Bweni likalipuka kwa kicheko. Yeye naye alicheka. Kisha akanyamaza, na hakusema tena mpaka asubuhi.

Asubuhi hakuweza kusimama wima. Nilimshika mkono nikampeleka zahanati ya shule. Muuguzi, mama mmoja mpole, alimwuliza swali sahihi: "Panauma wapi, mwanangu?" Akajibu, "Tumbo." Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimesimama pale. Nilijua si tumbo tu. Nilifungua mdomo niseme, nikatafuta neno, na neno pekee lililonijia lilikuwa betri. Nikaufunga. Muuguzi akampa dawa ya tumbo na ruhusa ya kulala. Adhuhuri alianza kutapika, na gari la shule likampeleka hospitali.

Daktari hakuuliza sana. Alimpima mwili mzima. Kisha akatueleza, mimi na mwalimu tuliyemsindikiza, kitu ambacho natamani tungekijua jana yake. Korodani inaning'inia kwenye kamba yenye mishipa inayoiletea damu. Kamba hiyo inaweza kujisokota ghafla, hasa kwa wavulana walio katika umri wa kubalehe, hata mtu akiwa amelala. Ikijisokota, damu haipiti. Maumivu yake huweza kupanda hadi chini ya tumbo na kuleta kichefuchefu, ndiyo maana ni rahisi kudhani ni tumbo. Mgonjwa akifanyiwa upasuaji ndani ya saa sita hivi, korodani kwa kawaida huokoka. Kadiri saa zinavyopita, matumaini hupungua. Sisi tulikuwa tumekwisha kutumia zaidi ya saa kumi na mbili. Wakaiondoa moja.

Nimefikiri mara nyingi juu ya usiku ule. Hatukuwa watoto wabaya. Wala hatukuwa wajinga: somo la viumbe tulikuwa tunalisoma. Lakini tazameni hali yetu ya lugha. Darasani tulijifunza jina la kiungo hicho kwa Kiingereza, kwa ajili ya mtihani. Bwenini tulikuwa na jina la kuchekea. Jina la Kiswahili la kawaida, la kumwambia mtu mzima bila aibu wakati unaumwa, hatukuwa nalo, kwa sababu hakuna aliyewahi kulitamka mbele yetu. Yule kijana alikuwa na lugha ya mtihani na lugha ya mzaha, na hakuwa na lugha ya maumivu.

Babu zetu wa pwani na wa makabila mengi ya bara walikuwa na mahali pa kazi hii. Wavulana waliingia jandoni, wasichana waliingia unyagoni, na huko makungwi walivitaja viungo vyote, jina lake, kazi yake na adabu yake. Yaliyokuwa mwiko kutamkwa kijijini yalitamkwa kule bila kucheka, au kwa kucheka kwenye kufundisha. Sisemi kwamba kila kitu cha huko kilikuwa chema, wala sitaki turudi kwenye kisu kimoja kwa vijana wote. Siku hizi wavulana hutahiriwa hospitalini, na ni salama zaidi. Lakini hospitali ilichukua kisu tu. Somo halikuchukuliwa na mtu. Likabaki bwenini, na bweni letu lilikuwa jando lisilo na kungwi.

Jambo hili halikuishia kwetu. Katika kazi yangu nimekaa katika wilaya za pwani, ambako ugonjwa wa matende na mabusha umewatesa watu vizazi na vizazi. Ugonjwa huo huletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Tanzania ilianza mpango wa kuutokomeza mwaka 2000, kwa kuanzia Mafia, na wananchi wakawa wanapewa kingatiba mara moja kwa mwaka bila malipo. Busha lenyewe hutibika kwa upasuaji. Lakini nimewakuta wazee waliokaa na busha miaka ishirini bila kufika hospitali, na ukiwauliza husema, "Nina mshipa." Mshipa! Mshipa ni njia ya damu, mshipa ni wa shingo, mshipa ni ngiri, mshipa ni busha. Neno moja linafunika maana nne, na aliyelitumia ameficha ugonjwa wake kwa daktari, kwa mkewe, na mwishowe kwa nafsi yake. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Na liko jambo zito zaidi, ambalo nitaligusa kwa ufupi kwa kuwa watoto wapo, ingawa wao ndio linalowahusu. Katika ofisi yangu huletwa watoto waliotendewa uovu. Mtoto anaulizwa aeleze, naye anasema alifanyiwa "tabia mbaya", au alishikwa "huku", na anatazama chini. Si kosa lake, ndivyo tulivyomlea. Mahakama zetu zimelizungumza jambo hili katika hukumu zake. Ziko kesi ambazo ushahidi ulionekana hautoshi kwa sababu shahidi hakueleza waziwazi kilichotendeka. Na ziko nyingine ambazo mahakama iliyakubali maneno ya tafsida, ikizingatia umri wa shahidi na mila zetu. Mimi sipendi haki ya mtoto itegemee bahati hiyo. Mtoto aliyefundishwa kusema uume, uke, makalio, matiti, kama anavyosema pua na sikio, huweza kusema, "Fulani alinishika hapa, na hapa panaitwa hivi." Na mtu mwovu humwogopa mtoto anayejua kusema.

Natoa basi maombi yangu, na ni machache.

Kwenu wazazi: mtoto anapoanza kutaja kichwa, mabega, magoti na vidole, msiruke katikati ya mwili kana kwamba pana shimo. Mpeni na majina hayo mengine. Mkimfundisha kwamba kule ni "dudu" tu, mmemwambia kwamba sehemu hiyo ya mwili wake ni mnyama mdogo asiye na jina.

Kwenu walimu: najua mitihani ya sekondari ni ya Kiingereza. Lakini mfundishapo mfumo wa uzazi, andikeni ubaoni na jina la Kiswahili kando yake. Ni dakika mbili za chaki. Mwanafunzi hataumwa kwa Kiingereza.

Kwenu wadogo zangu: sikuja kuwanyang'anya misimu yenu. Endeleeni na komwe na dishi, ingawa naomba mkumbuke kwamba mwenye komwe naye anasikia, na kwamba dada zenu si chupa wala mizigo. Ila kila mmoja wenu awe na sentensi moja ya akiba, kama mtu anavyoweka nauli ya dharura. Naomba tuiseme pamoja, sasa hivi, hata ninyi mnaocheka: "Nesi, korodani yangu inauma ghafla, naomba nipelekwe hospitali." Semeni tena. Hamkusikia radi, paa halikuanguka. Na maumivu ya namna hiyo yakimpata mtu usiku, msingoje kuche. Mwamsheni mwalimu wa zamu. Akikasirika, mwambieni mimi ndiye niliyewatuma.

Mtaniuliza rafiki yangu yule yuko wapi. Ni mzima, anafanya kazi yake, na ana watoto watatu, maana korodani moja iliyo nzima kwa kawaida yatosha. Kama yumo humu ukumbini au hayumo, sitasema. Mapema mwaka huu, katika kundi letu la simu la wanafunzi wa zamani, mtu mmoja alikumbusha lile neno letu la betri, na wote tukatuma vicheko. Jioni ile rafiki yangu aliniandikia peke yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kulizungumza jambo hilo tangu siku ile ya hospitali. Hakunilaumu. Aliandika hivi tu: "Ukipewa nafasi ya kusema siku moja, jina langu liache, kisa kisimulie. Na mimi nilicheka usiku ule. Nilicheka kwa sababu sikujua la kusema."

Ndiyo maana nilipopigiwa simu na katibu, sikuchagua mada. Ilikuwa imekwisha kuchaguliwa.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Nilipokuwa mwanafunzi niliiona methali hiyo kuwa ya kuchekesha. Leo naiona kuwa ushauri wa daktari. Mwili una majina mengi, na mengi yake ni matamu. Tuyatumie, tuyacheke, tuyaandikie kamusi. Lakini neno betri naomba tulirudishe kwenye tochi.